Seyyid Barghash na mkataba wa 1873: kwanini biashara ya utumwa ilikuwa ngumu hivyo kuiua

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari kutoka sehemu yoyote ya himaya yake, na soko la watumwa la pale Mkunazini mjini Unguja likafungwa. Shuleni hii tunaipata kwa sentensi mbili, Waingereza walikuja wakapinga, sultani akakubali, biashara ikaisha, haya tuendelee na ukoloni. Ukishika tarehe umefaulu mtihani. Mi naona hapo tunaruka kitu kikubwa sana, maana kabla ya hiyo saini kulikuwa na miaka 51 ya mikataba iliyosainiwa na biashara ikaendelea vilevile, na baada ya hiyo saini kuna watu walibaki watumwa kihalali kabisa hapohapo Unguja kwa miaka mingine 24. Sasa kama kila mtu alikuwa anasema ni jambo baya, kilichokuwa kinaizuia isife ni nini? Jibu langu ni fedha, lakini nataka nioneshe fedha ya nani, inapita wapi, na nani angekula hasara, kwa sababu kusema tu "ni uchumi" hakutoshi, uchumi una watu na majina.

Tuanze nyuma kidogo ili kisa kieleweke.

Mwaka 1822 Seyyid Said, baba yake Barghash, alisaini mkataba na nahodha wa Kiingereza aitwaye Moresby, wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa Wakristo, yaani hasa Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Hawa Wafaransa walikuwa wateja wa zamani. Mfaransa mmoja, Morice, aliingia mkataba na sultani wa Kilwa mwaka 1776 apewe watumwa 1,000 kila mwaka, ndo ujue mashamba ya huko yalikuwa na njaa ya watu kiasi gani. Basi 1822 mlango wa kusini ukafungwa, kwenye karatasi angalau. Wafanyabiashara wa Unguja na Kilwa walikuwa na watu mkononi, wana mtaji umelala, wana njia za bara zimeshafunguliwa mpaka ziwa Nyasa, halafu mteja mkubwa anapungua. Unadhani walifanya nini? Kama hawawezi kupeleka watu kwenye mashamba ya kigeni, wakaanzisha mashamba nyumbani. Karafuu ilikuwa imeshaletwa Unguja miaka michache kabla, Seyyid Said akaisukuma kwa nguvu zote, ye mwenyewe akawa na mashamba mengi kuliko mtu yeyote, na karibu 1840 akahamishia makao yake Unguja moja kwa moja kutoka Muscat ya Oman. Kwa hiyo mkataba wa kwanza wa kuzuia utumwa ulichangia kuupanda utumwa ndani ya visiwa. Mtumwa aliyekuwa bidhaa ya kupita sasa akawa ndo injini ya uchumi wenyewe, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa gumu mara mbili, kwa sababu bidhaa ya kupita unaweza kuiacha ukatafuta nyingine, lakini ukishapanda miti maelfu inayochukua miaka sita saba mpaka uanze kuvuna, umejifunga.

Karafuu inataka watu wengi, hilo lazima lieleweke. Tumba la karafuu linachumwa kabla ua halijafunguka, ukichelewa siku chache thamani imeshuka, na mti mmoja hauivi wote kwa pamoja kwa hiyo unaurudia mara kadhaa msimu mmoja. Mtu anapanda juu, anavuta tawi, anachuma vishada kwa mkono, vinashushwa, vinachambuliwa kutoka kwenye vikonyo vyake, vinaanikwa juani kwenye majamvi siku kadhaa huku wanavigeuza na kuvikimbiza ndani mvua ikija. Baada ya mavuno kuna palizi, ukiacha magugu mwaka mmoja shamba limekuwa msitu. Desturi ya mashambani ilikuwa mtumwa anafanya kazi ya bwana siku tano, Alhamisi na Ijumaa analima kipande chake cha mihogo ajilishe, yaani hata chakula chake bwana hakukitoa mfukoni kwa sehemu kubwa. Ukiweka hiyo kwenye hesabu ya mwenye shamba unaona kwanini hakutaka kusikia habari ya kibarua wa kulipwa, na hasa kwa sababu bei ya karafuu ilianguka vibaya kuanzia miaka ya 1840 baada ya kila mtu kupanda. Mwenye shamba aliyekuwa tajiri 1835 miaka ishirini baadaye anaponea kwenye faida nyembamba na madeni.

Na madeni anadaiwa na nani? Hapa ndo pana siri ya kisa chote kwa maoni yangu.

Fedha ya Unguja ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kampuni ya Jairam Shivji ndo ilikodi ushuru wa forodha kwa sehemu kubwa ya karne ile, utaratibu ulikuwa sultani hakusanyi ushuru mwenyewe, anamkodisha mtu anayemlipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, halafu huyo aliyekodi anajikusanyia kila kinachopita bandarini, pembe za ndovu, sandarusi (utomvu wa miti wa kutengenezea vanishi), nguo, na watu. Kila mtumwa aliyeshushwa Unguja kutoka Kilwa alilipiwa ushuru kwa kichwa. Miaka ya 1860 wanaopita forodhani walikuwa karibu 20,000 kwa mwaka. Na kampuni hiyohiyo ilikuwa inamkopesha sultani, kwa hiyo sultani anadaiwa na mtu anayemkusanyia kodi, na kodi yenyewe sehemu yake inatoka kwenye migongo ya watu. Wahindi walewale waliwakopesha wenye mashamba kwa rehani ya mashamba, na waliwapa wenye misafara bidhaa za mkopo kwenda nazo bara, nguo na shanga na bunduki, mlipe mkirudi na pembe. Ukiuvuta uzi mmoja tu unakuta umeshika nguo yote.

Na wengi wa hawa wakopeshaji Uingereza iliwahesabu kuwa raia wake au watu walio chini ya ulinzi wake! Balozi mdogo Rigby, aliyekuwepo 1858 mpaka 1861, alilishika hilo kwa nguvu, akasema raia wa Kiingereza hawezi kumiliki mtumwa, akawaachilia huru watumwa zaidi ya 5,000 waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Alichukiwa sana mjini. Na alipoondoka msimamo ukalegea, kwa sababu hoja ya upande wa pili nayo ilikuwa na nguvu, kwamba ukiwabana Wahindi unaua biashara ya Bombay yenyewe, na Bombay ilikuwa inategemea pembe na karafuu za Unguja. Serikali moja ya Kiingereza ina balozi anayewaachia watu huru na ina wafanyabiashara wake wanaozungusha mtaji wa biashara hiyohiyo, na wote wanamwandikia waziri yuleyule. Mi sidhani walikuwa waongo wote, wengi walikuwa wanachukia utumwa kweli kutoka moyoni. Ila kila mmoja alikuwa na kitu kidogo ambacho asingependa kiguswe.

Siyo wao peke yao. Wamarekani wa mji wa Salem walikuwa na ubalozi Unguja toka 1837, walileta nguo ya pamba ambayo mpaka leo tunaiita merikani. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa kaskazini kwenye majimbo yaliyokuwa yanajivunia kuwa huru, ikapakiwa melini, ikauzwa Unguja, ikapanda na msafara mpaka Unyamwezi kununulia pembe, na pembe zikarudi Marekani, nyingi zikaishia Connecticut kutengenezewa vitufe vya piano na vitana. Katikati ya safari hiyo yote kuna mpagazi, mara nyingine ni huru wa kulipwa, Wanyamwezi wengi walikuwa huru, na mara nyingine ni mtu wa mtu. Makampuni ya Kizungu hapo mjini Unguja, ya Wajerumani na Wafaransa na wengine, yalikuwa yanakodi mahamali wa bandarini ambao ni watumwa, mshahara unagawanywa na bwana wake. Hata wasafiri maarufu wa Kizungu walioandika vitabu vya kulaani utumwa, kwenye misafara yao walikuwemo watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Nayasema haya kwa sababu tukisema "maslahi ya Waarabu" peke yake tunakuwa tumewapa wengine njia ya kutokea, na hawakustahili.

Mkataba wa pili, wa 1845, ulioanza kazi 1847 chini ya balozi Hamerton, ulizuia kupeleka watumwa Uarabuni, lakini uliruhusu kuwasafirisha ndani ya himaya ya sultani ya Afrika, kati ya Kilwa na Lamu. Tazama huo mwanya. Jahazi linatoka Kilwa na watu 100, linasema naenda Unguja kwenye mashamba, ni halali kabisa. Likifika Unguja likaongeza safari mpaka Lamu bado ni halali. Likipita Lamu usiku kuelekea kaskazi ndo limevunja sheria, na baharini usiku nani anaona? Mwanya haukuwekwa kwa bahati mbaya. Uliwekwa kwa sababu bila watu wapya mashamba ya karafuu yangekufa, vifo vilikuwa vingi na watoto wachache wanaozaliwa, kwa hiyo kila mwaka ilibidi waletwe wengine kujaza pengo. Ungeuziba huo mwanya umemfilisi Seyyid Said, na Uingereza ilimhitaji Seyyid Said akiwa imara ili Wafaransa wasimchukue. Siasa na biashara zilikaa kitanda kimoja.

Kila msimu wa kaskazi majahazi ya Uarabuni yalikuja Unguja, na watu wa mjini walikuwa wanawafungia watoto ndani, kwa sababu hao mabaharia walikuwa wanaiba watoto mitaani na hata watumwa wa watu. Kusi ikianza wanarudi nao kwao. Seyyid Majid, kaka yake Barghash, mwaka 1864 akapiga marufuku kusafirisha watumwa miezi minne ya mwanzo wa mwaka ili angalau huo msimu ubanwe. Haikusaidia sana. Manowari za Kiingereza nazo zilikuwa chache kwenye pwani ndefu, na mabaharia wake walilipwa zawadi ya fedha kwa kila mtumwa waliyemkamata au kwa ukubwa wa jahazi lililoharibiwa, matokeo yake majahazi mengine yasiyo na hatia yalichomwa moto na wenyewe wakabaki kulalamika. Yaani hata upande wa kukomesha ulikuwa na maslahi yake ya pesa. Na likipandisha bendera ya Ufaransa jahazi halikaguliwi, maana Ufaransa haikukubali meli zake zipekuliwe na Mwingereza, na vibali vya bendera hiyo wakawa wanapewa wenye majahazi kirahisi. Desemba 1881, miaka minane baada ya soko kufungwa, kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba na watu wa jahazi la watumwa lililokuwa linapeperusha bendera ya Ufaransa.

Sasa turudi kwa Barghash mwenyewe, maana watu wanamhukumu haraka.

Alipokalia kiti Oktoba 1870 alikuwa na historia mbaya na Waingereza. 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, manowari ya Rigby ikasaidia kumshinda, akapelekwa uhamishoni Bombay miaka miwili. Waliomuunga mkono aje kuwa sultani ni pamoja na kundi la Mutawwa, Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi wenye msimamo mkali ambao hawakutaka Mzungu awaelekeze, na wenye mashamba ambao utajiri wao ni watumwa. Hao ndo msingi wake. Hakuwa na jeshi la maana, alitegemea watu wa koo hizohizo. Juu ya hapo kulikuwa na lile deni la Muscat, kwamba tangu uamuzi wa 1861 wa Canning, gavana mkuu wa Kiingereza wa India, Zanzibar ilitakiwa iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka kwa sababu himaya iligawanywa na upande wa Zanzibar ndo wenye mali. Barghash hakutaka kulipa hiyo.

Halafu ikaja tarehe 15 Aprili 1872. Kimbunga ambacho Unguja haijawahi kukumbuka mfano wake kilipita, kikang'oa sehemu kubwa mno ya mikarafuu ya kisiwa kizima, mashamba yaliyolelewa miaka thelathini na arobaini yakalala chini kwa siku moja, minazi nayo, na meli za sultani zikavunjika bandarini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Nenda taratibu hapo, ujiweke kwenye nafasi ya mwenye shamba: miti imekufa, deni la Mhindi liko palepale na riba inatembea, kupanda upya ni kusubiri miaka sita au saba, na kazi ya kusafisha na kupanda upya inataka mikono mingi kuliko kuvuna. Na hapohapo, Januari 1873, meli inaingia na Sir Bartle Frere, mtu mzito aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, ana karatasi ya kumwambia sultani kata kabisa uletaji wa watu.

Barghash akakataa. Alieleza kwamba watu wake wameshapigwa na kimbunga na sasa mnataka kuwamaliza. Najua alichokuwa anakitetea ni kitu kibaya, hao "watu wake" aliowataja hawakuwa wale waliokuwa wanaletwa wamefungwa minyororo kutoka Nyasa, wale hawakuhesabiwa kwenye hoja yake hata kidogo na hilo linaniuma kila nikisoma mabishano haya, pande zote mbili zinaongea gharama na hasara za mabwana. Lakini kwa hesabu za kisiasa alikuwa anasema kweli, angekubali kirahisi angeondolewa.

Frere akaondoka Machi bila saini. Kilichobadilisha mambo ni amri kutoka London kwamba Kirk, balozi mdogo aliyekuwepo Unguja, amwambie sultani kama hasaini, kisiwa kitawekewa mzingiro wa manowari. Hapo angalia hesabu inavyogeuka. Mpaka siku hiyo gharama ya kukubali ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kukataa. Mzingiro maana yake hamna ushuru wowote, siyo wa watumwa peke yake, pembe hazitoki, karafuu za Pemba hazitoki, mchele hauingii, na aliyekodi forodha halipi. Ushuru wa watumwa ulikuwa kipande tu cha ushuru wote. Pembe, karafuu, sandarusi, mpira wa porini ulioanza kupanda bei, hivyo vilikuwa vinakua, Mfereji wa Suez umefunguliwa 1869 na meli za posta za moshi zimeanza kufika Unguja. Sultani kama mkusanya kodi aliweza kuishi bila biashara ya watumwa. Asingeweza kuishi bila bandari. Na Uingereza ikakubali kulichukua lile deni la Muscat, riale 40,000 kwa mwaka zikawa zinalipwa na serikali za Uingereza na India. Huko London kwenyewe watu wa hazina walikuwa wamebishana sana nani alipe gharama za shughuli hii, hazina ya Uingereza au ya India, kila mmoja anamsukumia mwenzie. Watu wanakufa njiani, mabwana wa hazina wanagawana bili.

Kwa hiyo 5 Juni ikasainiwa.

Kinachofuata ndo kinanifanya nione hiki kisa kinafundisha kuliko vingine vyote. Mkataba ulizuia bahari. Kimbunga kilikuwa kimeiacha Pemba na miti yake, Unguja karafuu zimebaki chache, kwa hiyo bei ya karafuu duniani ikapanda sana, na mwenye shamba wa Pemba akaona bahati ya maisha yake, anataka watu zaidi ya wakati wowote. Biashara ikawa kama maji yaliyozibiwa mfereji, ikatafuta njia ya nchi kavu. Watu wakaanza kuswagwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini kwa kufuata pwani, kupita nyuma ya Dar es Salaam, mpaka Pangani na maeneo ya karibu, halafu jahazi dogo linavuka usiku mmoja kwenda Pemba. Kirk alimtuma msaidizi wake, Frederic Elton, kwenye pwani ya Dar es Salaam mpaka Kilwa, kazi yake ilikuwa kuwaachia huru watumwa waliobaki mikononi mwa Wahindi. Njiani akawa anapishana na misafara. Kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, ndani ya muda wa kama mwezi mmoja, alihesabu zaidi ya watu 4,000 waliopitishwa njia ile. Miezi sita tu baada ya mkataba! Na ile safari ya mguu ilikuwa mbaya kuliko ya bahari, wiki kwa wiki, watoto na wanawake wamefungwa pamoja, wagonjwa wanaachwa njiani. Mkataba wa kibinadamu uliwaongezea safari watu waliokusudiwa kuokolewa, kwa sababu ulipiga usafiri na ukaacha mahitaji yamekaa vilevile.

Ikabidi Aprili 1876 Barghash atoe amri nyingine mbili, misafara ya watumwa isishuke kutoka bara kuja pwani na wasisafirishwe kwa nchi kavu. Kilwa walikasirika, mji ule ulikuwa unaishi kwa biashara hiyo. Safari hii aliisimamia kweli, na mwaka uliofuata akaanzishiwa jeshi dogo chini ya afisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews. Kwanini 1876 aliweza na 1873 hakuweza? Kwa sababu alikuwa ameshaona mapato hayakufa. Pembe na mpira vilimwinua, miaka michache baadaye akajenga Beit al-Ajaib, akavuta maji ya mabomba mpaka mjini, akanunua meli. Maslahi yake yeye kama serikali yalikuwa yameachana na ya wafanyabiashara wa watumwa, na siku hiyo ndo biashara kubwa ya wazi ilivunjika mgongo pwani, ingawa ya magendo iliendelea.

Maslahi ya wenye mashamba hayakuachana na utumwa wenyewe hata kidogo, na hapa watu wengi wanachanganya. Biashara ya watumwa na utumwa ni vitu viwili, na kila kimoja kilikuwa na watu wake wanaokilinda. Mkataba wa 1873 haukumgusa mtumwa aliyekuwa tayari shambani. Soko la Mkunazini limefungwa, wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa kuu palepale mwaka huohuo, Barghash mwenyewe akatoa saa ya mnara, na mtu aliyeuzwa pale mwezi mmoja kabla alikuwa Bumbwini, huko mashamba ya Unguja, anapalilia karafuu za bwana kama kawaida.

Halafu 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, na ungetegemea sasa mambo yaende mbio. Ikawa kinyume. Tarehe 1 Agosti 1890 sultani Seyyid Ali bin Said alitoa amri ya kupiga marufuku kila aina ya kuuza na kununua watumwa na kumpa mtumwa haki ya kujinunua akapata uhuru wake. Wenye mashamba wakawaka, na ndani ya wiki chache tangazo jingine likatoka kwamba bwana halazimiki kupokea hiyo fedha ya ukombozi. Haki ilidumu kwa wiki. Kwasababu gani? Kwasababu sasa Uingereza ndo ilikuwa inaendesha bajeti ya Zanzibar, na bajeti hiyo ilisimama juu ya ushuru wa karafuu. Miaka ya nyuma Mwingereza alikuwa mtu wa nje anayempa mwenzie presha, sasa kaingia ndani, mishahara ya maafisa wake inatoka kwenye zao linalochumwa na watumwa, na ghafla hoja zake zikafanana na za Barghash wa 1873. Balozi mkuu Arthur Hardinge aliandika waziwazi kwamba kukomesha kwa ghafla kutawaangamiza wenye mashamba na kuangusha mapato ya serikali. Wapinga utumwa wa London wakamjibu kwa hoja kali ambayo mi naiona haina majibu: wengi wa watumwa waliopo waliingizwa baada ya 1873, kwa hiyo kisheria wameshikiliwa kwa magendo, mnamfidia nani kwa kitu gani?

Walifidiwa hata hivyo. Amri ya sultani Seyyid Hamoud ya 6 Aprili 1897 ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, bwana alipwe fidia, mtumwa asilipwe kitu. Haikuwa mara ya kwanza, Uingereza ilishalipa pauni milioni 20 kwa wenye watumwa wa Karibiani na kwingine kwa sheria ya 1833, na mkopo uliohusika na fidia ile walipa kodi wao wamemaliza kuulipa 2015. Zanzibar wakafuata mtindo uleule. Tena uhuru haukuja wenyewe, mtumwa alitakiwa aende mahakamani auombe, na ili aupate aoneshe atakaa wapi na ataishi kwa kazi gani, la sivyo anahesabiwa mzururaji. Alipe kodi pia. Ukisoma masharti yale kwa utulivu unaona yamepangwa ili mtu aliyeachiwa asiende mbali na mkarafuu. Wengi hawakwenda mahakamani kabisa, walielewana na mabwana zao wakabaki shambani kama wakaazi, analima mihogo yake, msimu ukifika anachuma kwa malipo, na kwa sababu mahuru hawakutaka tena ile kazi chafu ya palizi ikabidi serikali na wenye mashamba watafute vibarua kutoka bara, Wanyamwezi na wengine. Masuria waliachwa nje ya amri ya 1897, wakaingizwa 1909.

Pwani ya Kenya, ambayo nayo ilikuwa ya sultani, ilisubiri mpaka 1907. Tanganyika, ambako Wajerumani walitawala zaidi ya miaka thelathini wakiogopa kuwakosesha wenye mashamba na maliwali wao nguvu kazi, utumwa haukufutwa kisheria mpaka Waingereza walipoufuta 1922. Yaani mtoto aliyepitishwa ile njia ya Kilwa mbele ya macho ya Elton, kama aliishia bara upande wa Pangani badala ya kuvushwa Pemba, alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu siku sheria ilipomtambua kwamba hana bwana.